Baada ya Mitambo ya Nguluku Kunyamaza: Madini ya Pwani na Amana ya Watoto Wetu



Mwishoni mwa Disemba 2024 mitambo iliyokuwa ikichimba mchanga wa Nguluku na Maumba, katika Kaunti ya Kwale, ilizimwa. Kwa muda wa miaka 11 hivi, usiku na mchana, mchanga huo ulikuwa ukikatwa, ukisukumwa katika mifereji, ukichujwa, na kilichotakikana ndani yake kikipakiwa katika malori hadi Likoni, na kutoka Likoni kikapanda meli. Meli ya mwanzo iling'oa nanga Februari 2014. Kilichokuwa kikichukuliwa si dhahabu wala johari, bali ni chembe tatu nzito zilizojificha katika vilima vya mchanga tangu zama za kale: ilmenaiti, rutaili na zirkoni.

Haya ni majina mageni masikioni mwa wengi wetu, lakini vitu vyenyewe si vigeni majumbani mwetu. Ilmenaiti na rutaili ndizo zitoazo titaniamu, na unga mweupe wa titaniamu ndio unaoipa weupe rangi ya ukutani, karatasi ya daftari la mtoto, plastiki ya ndoo, na hata dawa ya meno nyingi. Zirkoni huingia katika vigae vya sakafu na vya msalani. Huenda basi mama wa Kwale aliyehamishwa ili mchanga uchimbwe akaja kununua dukani mkebe wa rangi wenye kijisehemu cha kilima alichokuwa akilima mihogo, nao umekwisha kuzunguka nusu ya dunia na kurudi kwake kwa bei ya dukani.

Tumeona vyema kuiandika makala hii kwa sababu neno "madini muhimu" limeanza kusikika tena Pwani, na safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilitoa orodha ya madini ya kimkakati, yale ambayo ulimwengu unayahitaji kwa betri za magari, mitambo ya upepo, simu na silaha. Sehemu ya madini hayo iko chini ya miguu yetu. Na sehemu nyingine, kama tutakavyoeleza, iko katika droo za kabati zetu.

Tuanze na kilichobaki Nguluku.

Uchimbaji wa mchanga una fadhila moja juu ya uchimbaji wa mwamba. Chembe nzito ni kidogo sana zikilinganishwa na mchanga wote, na hutengwa kwa uzito wake, kwa sumaku na kwa umeme, si kwa kemikali kali. Mchanga uliobaki, ambao ndio mwingi mno, unaweza kurudishwa pale pale ulipotolewa. Kazi yenyewe ikifanywa kwa uangalifu, kilima husogezwa, hupunguzwa uzito, kisha huwekwa tena mahali pake. Udongo wa juu ulioondolewa mwanzo hutandazwa tena, tope laini huchanganywa na mchanga ili ardhi ishike maji, na miti hupandwa. Katika Kwale kazi hiyo ya kurudisha ilikuwa ikiendelea nyuma ya mitambo, sehemu kwa sehemu, badala ya kungojea siku ya mwisho, na miti mingi iliyopandwa ilikuwa ya asili ya Pwani. Hilo ni jema, na si haki kulinyamazia.

Lakini ardhi si mchanga peke yake. Mamia ya familia zilihamishwa ili mgodi upite, na baadhi yao walipelekwa Bwiti. Minazi na mikorosho haihami. Mtu hulipwa fidia ya mnazi, naye hupokea fedha taslimu mara moja, ilhali mnazi ungempa nazi, makuti, tembo la kutengeneza siki na kivuli kwa miaka sitini. Sisi tuliozaliwa Pwani tunajua hesabu hii bila ya kufundishwa. Na makaburi ya wazee hayana bei katika daftari la mthamini yeyote.

Halafu kuna suala la mrabaha, yaani fungu linalolipwa na mchimbaji kwa sababu ya kuchukua mali ya umma. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliweka wazi kwamba asilimia 70 ya mrabaha ni ya Serikali Kuu, asilimia 20 ya kaunti, na asilimia 10 ya jamii inayokaa mahali panapochimbwa. Sheria ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Kwa miaka mingi fungu la jamii lilibaki katika karatasi hiyo, likisubiri kanuni, kamati na akaunti, huku mchanga wenyewe haukusubiri chochote. Mgodi wa Kwale ulikuwa ukitoa zaidi ya nusu ya thamani yote ya madini ya Kenya. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza siku meli ya mwanzo ilipoondoka alikuwa keshafika sekondari mgodi ulipofungwa. Kama angesomeshwa kwa fungu lile, wakati wake ndio huo.

Wanazuoni walisema nini juu ya madini?

Waislamu hatukuanza leo kujadili mali iliyomo ardhini. Vitabu vya fiqhi vina mlango wake mahsusi, mlango wa madini na rikazi, na ndani yake mna mambo ambayo mtu wa wizara angefaidika kuyasikia.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, zaka ya madini hupasa katika dhahabu na fedha, fungu moja katika arobaini, nayo hutolewa papo hapo mali inapopatikana ikitimia nisabu, bila ya kungoja mwaka upite. Ama rikazi, yaani hazina iliyozikwa na watu wa zama za kabla ya Uislamu, humo hutolewa khumsi, moja katika tano. Mahanafi wao waliyaingiza madini yanayoyeyuka katika hukumu ya khumsi. Mahanbali wakaipanua zaka hata isiishie kwenye dhahabu na fedha. Kwa Malik, rai iliyo mashuhuri ni kwamba amri ya madini iko mikononi mwa kiongozi wa Waislamu, hata kama yameonekana katika shamba la mtu binafsi. Msomaji atakumbuka kwamba Katiba ya Kenya nayo, katika kifungu cha 62, inayahesabu madini yote kuwa katika ardhi ya umma. Kwa hiyo rai hiyo ya Madina na kifungu cha Nairobi zimekutana njiani.

Iko habari moja iliyopokewa katika vitabu vya hadithi ambayo tunaipenda sana. Sahaba Abyadh bin Hammal alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwomba apewe chumvi ya Ma'rib, katika nchi ya Yemen, naye akampa. Alipokwisha kuondoka, mtu mmoja katika majlisi akaeleza kwamba ile chumvi aliyopewa ni kama maji yasiyokatika, kila apitaye huchota bila ya taabu. Basi Mtume akairudisha mali ile isiwe ya mtu mmoja. Wanazuoni walijenga juu ya habari hii hukumu kwamba mali ya ardhini iliyo wazi, ambayo watu wote wanaihitaji na haihitaji jasho kuifikia, haifai kukatiwa mtu mmoja. Na zaidi ya hukumu, tazameni tabia: leseni ilitolewa, ikabainika kuwa ina madhara kwa wengi, ikafutwa siku hiyo hiyo, wala hapana aliyeona kwamba heshima ya mtoaji imepungua.

Mrima

Kusini ya Nguluku, kuelekea mpaka wa Tanzania, kuna kilima cha Mrima. Kwa macho ni kilima cha kawaida chenye msitu. Kwa Wadigo ni kaya, mahali penye historia ya wazee wao. Kwa Serikali ni msitu uliohifadhiwa na turathi ya kitaifa. Kwa wataalamu wa miamba ni kitu kingine tena: kilima hicho kimejaa niobiamu, ambayo hutiwa katika chuma ili kiwe chepesi na imara, na yale madini yanayoitwa ardhi adimu, ambayo bila ya hayo hapana sumaku ndogo zenye nguvu za simu, spika, mashine za hospitali na magari ya umeme.

Mwezi wa Machi 2013 kampuni moja ya kigeni ilipata leseni ya kuchimba Mrima, na ikatangaza kwamba mali iliyomo ina thamani ya zaidi ya dola bilioni 62. Takwimu hiyo imerudiwa sana mabarazani mwetu hata imekuwa kama hadithi ya kisima cha dhahabu. Tahadhari ni muhimu hapa. Thamani ya madini yaliyomo ardhini si fedha iliyomo mkononi, kwani kuyatenga ni gharama kubwa, na bei yake hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Agosti mwaka huo huo Waziri wa Madini wa wakati huo, Mheshimiwa Najib Balala, aliifuta leseni hiyo pamoja na nyingine. Kampuni ikaishitaki Kenya mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa. Oktoba 2018 baraza likaitupa kesi. Sababu yake ndiyo tungependa kila msomaji aishike: leseni haikuwa halali kwa kuwa masharti ya sheria za mazingira hayakutimizwa, na mahali penyewe palikuwa pamehifadhiwa. Ile tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo watu wengi huiona ni usumbufu wa makaratasi, ndiyo iliyoinusuru nchi na deni kubwa.

Sasa nchi kubwa zinashindana kutafuta ardhi adimu, kwa sababu China ndiyo inayosafisha sehemu kubwa mno ya madini hayo duniani na wengine hawapendi kutegemea mlango mmoja. Kwa ajili hiyo macho yamerudi Mrima. Wageni watakuja, na pengine kwa maneno mazuri zaidi kuliko wa 2013.

Hapo ndipo inapobidi tuwe na elimu. Ardhi adimu haitengwi kama ilmenaiti ya Nguluku. Hutakiwa kuloweshwa katika asidi, kisha kupitishwa katika hatua nyingi za kemikali ili dada hawa wanaofanana watengane mmoja mmoja. Aghalabu pamoja nao huwamo thoriamu, madini yenye miale. Mrima yenyewe inajulikana na wataalamu kuwa mahali penye miale ya asili iliyo juu kuliko kawaida kwa sababu ya thoriamu. Mlima ukiachwa na msitu wake, thoriamu hiyo imelala. Ukisagwa kuwa unga, huamka, na ni lazima pawe na mahali pa kuilaza tena kwa karne nyingi.

Malaysia walilijua hili kwa njia ngumu. Katika mji mdogo wa Bukit Merah, jimbo la Perak, palijengwa kiwanda miaka ya 1980 kuchukua mabaki ya migodi ya bati na kutoa ardhi adimu ndani yake. Wazo lenyewe lilikuwa zuri: badala ya kuchimba kilima kipya, tumia kilichokwisha kutupwa. Lakini mabaki ya kiwanda yenye thoriamu hayakuhifadhiwa ipasavyo, na wakaazi walipoanza kuona maradhi na mimba kuharibika, walikwenda mahakamani. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Ipoh iliamuru kazi isimame, na mwaka 1994 kiwanda kikafungwa moja kwa moja. Kusafisha pale kumegharimu mamilioni mengi ya dola. Ukitazama hesabu yake mwisho hadi mwanzo, utaona kwamba ghala imara la mabaki, lililojengwa kabla ya tani ya kwanza kuingia, lingekuwa rahisi kupita kiasi.

Kukamua mara ya pili

Hata hivyo hatusemi kwamba kurejelea mabaki ni jambo baya. Kinyume chake. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania wana neno zuri kwa mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa: huyaita marudio, kwa sababu hurudiwa. Na huko Kolwezi, Kongo, ambako Kiswahili ndicho kinachosemwa sokoni, kuna kazi kubwa iliyoanza mwaka 2018 ya kuchota mabaki ya zamani ya migodi ya shaba yaliyoachwa Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi, na kutoa shaba na kobalti ambazo wachimbaji wa wakati wa Wabelgiji na baada yao walishindwa kuzitoa. Kobalti hiyo huingia katika betri. Yalikuwa mabaki yaliyokaa wazi kwa miongo mingi, upepo ukiyapeperusha na mvua ikiyapeleka mtoni. Kuyaondoa ni faida na ni usafi kwa pamoja, maadamu kinachobaki safari ya pili kinahifadhiwa vizuri kuliko safari ya kwanza.

Na kuna mgodi mwingine usiohitaji kuhamisha mtu. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme vilivyokufa: simu, televisheni, friji, kompyuta, pasi. Kilichothibitishwa kukusanywa na kurejelewa vizuri hakikufika robo, kilikuwa asilimia 22.3 tu. Kwa ardhi adimu hali ni ya aibu zaidi, kwani yapata asilimia moja tu ya mahitaji hupatikana kwa kurejelea vyombo hivyo. Wajapani walipoandaa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo waliwaomba raia wao watoe simu na vyombo vikuukuu. Zikaja simu zaidi ya milioni sita, na ndani ya vyote hivyo wakatoa kilo 32 za dhahabu na tani tatu na nusu za fedha, zikatosha medali zote, kama elfu tano. Dhahabu ile ilikuwa imelala majumbani mwa watu, kama ilivyolala majumbani mwetu katika lile kopo la biskuti lenye simu tatu zisizowaka, chaja isiyojulikana ni ya nini, na rimoti ya televisheni iliyouzwa zamani.

Dini yetu imetuonya na israfu, na sisi mara nyingi huifahamu israfu kuwa ni wali uliomwagwa baada ya walima. Ni hivyo, lakini simu ya miezi minane inayobadilishwa kwa sababu ya rangi nayo imo katika mlango huo huo. Simu itengenezwayo ikadumu miaka mitano imeokoa kilima kuliko simu iliyorejelewa. Fundi wa simu wa Mwembe Tayari anayebadilisha kioo na betri anafanya kazi ya mazingira kuliko makongamano mengi, ijapokuwa hapana anayempa cheti.

Tulipofika hapa, hatuna budi kwenda Owino Uhuru.

Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, kando ya Mombasa, wenye wakaazi wapatao elfu tatu. Ubavuni mwake palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri za magari zilizokwisha na kutoa risasi ndani yake, ile metali nzito ya kijivu. Ukiitazama katika karatasi, kazi hiyo ndiyo hasa inayosifiwa kila leo: taka inageuzwa mali, ajira zinapatikana, hapana shimo linalochimbwa. Lakini moshi ulitua juu ya mapaa, maji machafu yalipita katikati ya nyumba, na vumbi la risasi likaingia katika udongo wanaochezea watoto. Mwanamke mmoja aliyeajiriwa ofisini, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga aliugua na madaktari hawakujua ni nini, hata ilipobainika kwamba damu yake ina risasi. Mama alikuwa akienda kazini na kurudi kunyonyesha.

Tunaomba msomaji asimame hapo kidogo. Risasi huingia mwilini kwa pumzi na kwa chakula, hukaa katika mifupa kwa miaka, na mwanamke anapopata mimba au kunyonyesha, mifupa hutoa chokaa yake kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Kwa mtoto mdogo hupunguza damu, huchelewesha kusema, hudhoofisha akili darasani, na ikizidi huleta kifafa na mauti. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Omido aliacha kazi, akawakusanya wanawake wa mtaa, akakamatwa, akashitakiwa, akaachiliwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo usafishwe. Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi wa fidia mwaka 2023. Desemba 2024, mwezi ule ule mitambo ya Nguluku iliponyamaza, Mahakama ya Juu ikaurudisha. Kati ya kufungwa kwa kiwanda na hukumu ya mwisho ilipita zaidi ya miaka 10. Wapo waliozikwa kabla ya kuisikia.

Wala si Owino Uhuru peke yake. Katika mji wa wavuvi wa Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, nchi ya Waislamu wenzetu, wahunzi walizoea kuvunja betri na kutengeneza chubwi za nyavu. Bei ya risasi ilipopanda, wafanyabiashara walianza kununua hata mchanga wenye vumbi la risasi. Wanawake wakauchimba, wakauchekecha kwa nyungo majumbani mwao, watoto wakiwa mgongoni. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Akina mama wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wakitafuta riziki ya halali kwa mikono yao, na hapakuwa na mtu aliyewaambia kilichomo katika mchanga.

Kwa hiyo tunaambiana. Hapa Pwani pia kuna wavuvi wanaoyeyusha risasi za betri ili wapate chubwi, na wengine huyeyushia uani, katika sufuria, jikoni kwa kina mama. Jambo hili lisifanywe nyumbani kabisa, wala sufuria hiyo isipikiwe tena hata ikasuguliwa kwa mchanga na majivu. Betri ya gari au ya sola iliyokwisha iuzwe nzima, maji yake yakiwa ndani; mnunuzi wa vyuma chakavu anayeitaka iliyomwagwa kwa sababu ya uzito atafutiwe badala yake. Nguo za baba au kijana anayefanya kazi ya betri zifuliwe mbali na nguo za mtoto, naye aoge kabla ya kumpakata. Nyaya zisichomwe moto kwa ajili ya kupata shaba, kwani moshi wa plastiki yake ni sumu. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe wala isitupwe katika jaa linalochomwa. Na kwa kuwa tumefika kwenye risasi, dada zetu wajue kwamba baadhi ya wanja wa manga unaouzwa bila ya jina wala anwani umekutwa na risasi nyingi. Asiyejua asili ya wanja wake asimpake mtoto wa arobaini.

Anayedhani mtoto wake amefikiwa na risasi amwombe daktari kipimo cha damu kwa jina lake, "kipimo cha risasi", kwa sababu dalili zake hufanana na upungufu wa damu wa kawaida, na bila ya kutajwa huenda isifikiriwe.

Ama Mrima, sheria inataka kwamba kabla ya leseni yoyote ya mazingira, ripoti ya tathmini iwekwe wazi watu waisome, itangazwe katika magazeti na redioni, na paitishwe mikutano ya hadhara na wale watakaoathirika. Ripoti hizo huwa nene na huandikwa Kiingereza, na mikutano aghalabu huitwa asubuhi, saa ambazo mama yuko shambani au kisimani. Wazee wa msikiti na wakuu wa madrasa za Msambweni na Lunga Lunga wana uwezo wa kudai mambo mawili bila ya kungojea mtu: muhtasari wa Kiswahili, na mkutano wa kina mama peke yao baada ya Alasiri. Na pale mkutanoni, kabla ya kuuliza ni shule ngapi zitajengwa, swali la kwanza liwe ni thoriamu itawekwa wapi, na nani ataulinda mlango wake.